Kutoka Mpagazi hadi Mtafiti: Taswira ya Kazi ya Kuchunguza Maumbile katika Nathari ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna nathari ya Kiswahili inavyoichora kazi ya kuchunguza maumbile, kazi ambayo vijana wengi huitamani lakini wachache huiona kuwa yao. Maandishi yanayochambuliwa ni ya aina tatu: simulizi ya safari ya Salim bin Abakari iliyochapishwa mwaka 1901, riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), na kumbukumbu za uwandani ambazo Watanzania wa Gombe wamekuwa wakiziandika kwa Kiswahili kuhusu sokwe mtu. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kazi hiyo wala watu walioifanya. Kilichopungua ni cheo cha wanaoifanya na wasomaji wa wanachokiandika. Makala inaonesha kuwa sera inayokuza istilahi bila kukuza nathari ya uchunguzi, na inayokuza lugha bila kumfungulia mtumiaji wake njia ya kupanda kazini, huiacha ndoto ya kijana mikononi mwa wengine.

Maneno ya msingi: nathari, uchunguzi wa maumbile, Gombe, Kusadikika, sera ya lugha, istilahi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeambiwa aandike insha kuhusu kazi anayoitamani hupewa njia iliyokwisha kukanyagwa. Hutaja kazi, hueleza sababu za kuipenda, huorodhesha faida zake kwa familia na taifa, kisha hufunga kwa methali. Udaktari, ualimu, urubani na uanasheria hupita katika njia hiyo bila taabu, kwa kuwa anayeandika na anayesahihisha wote wamekwisha kuwaona wenye kazi hizo, ama maishani ama vitabuni. Lakini yupo pia mwanafunzi ambaye angependa kuamka alfajiri, kuwafuata nyani msituni kutwa nzima na kuandika wanachokula. Huyu hukumbana na matatizo mawili. Kwanza, hajui kazi yake aiite jina gani. Pili, kila anapomfikiria mtu anayeifanya, anayemjia akilini ni mgeni aliyeshuka kwenye gari la utalii, na mwenyeji yuko nyuma yake amebeba mzigo.

Tatizo la kwanza ni la lugha na la pili ni la fasihi, lakini yote mawili huishia katika sera. Katika mijadala ya kukuza Kiswahili kwenye nchi jirani, hoja zinazotangulia huwa ni biashara, usalama na utangamano. Hoja hizo ni za haki. Hata hivyo, lugha haipimwi kwa mikataba inayosainiwa kwayo peke yake. Hupimwa pia kwa mambo ambayo kijana anaweza kuyatamani ndani yake bila kulazimika kuihama. Makala hii inauliza: nathari ya Kiswahili imempa kijana huyo nini hadi sasa, na imemnyima nini?

2.0 Jina la kazi

Maneno matatu hugombea nafasi ya kumtaja mtu anayekwenda kuchunguza asichokijua: mpelelezi, mvumbuzi na mtafiti. Kila moja lina historia yake, na historia hiyo haimsaidii mwanafunzi wetu.

Katika vitabu vya historia vya shule, wapelelezi hutajwa pamoja na wamisionari na wafanyabiashara kuwa mawakala wa ukoloni. Uainishaji huo una msingi, kwa sababu ramani zilizochorwa na wasafiri wa karne ya 19 zilitumiwa na waliokuja kutawala. Lakini matokeo yake kwa lugha ni kwamba kitendo chenyewe cha kwenda, kutazama na kuandika kilibaki na doa. Baadaye neno hilo lilihamia polisi, na kutoka polisi likaingia katika riwaya. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa msomaji wa Kiswahili mtu ambaye kazi yake ni kutazama kwa makini: Bwana Msa hapokei maelezo ya mizimu, bali husubiri mpaka alama ndogondogo zipatane. Msomaji aliyempenda Bwana Msa alipenda, pengine bila kujua, tabia ya mwanasayansi. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba nathari yetu iliielekeza tabia hiyo kwenye makosa ya wanadamu. Hakuna Bwana Msa mashuhuri wa mchwa, wa ndege au wa matumbawe.

Neno mvumbuzi nalo lina kasoro nyingine. Linamtaja aliyeunda chombo kipya na hapohapo linamtaja aliyefika mahali ambapo wengine walikuwa wakiishi. John Hanning Speke alifika ukingo wa kusini wa Nyanza mwaka 1858, na vitabu vikaandika kwamba alilivumbua ziwa. Aliyekuwa pamoja naye, Sidi Mubarak Bombay, aliendelea kuzisindikiza safari nyingine za Wazungu katika bara, hata Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa pensheni mwaka 1876. Miguu ya wote wawili ilifika ukingoni, lakini neno mvumbuzi lilimfuata mmoja tu. Bombay alibaki katika fungu la viongozi wa msafara, wakalimani na wapagazi.

Mtafiti ndilo neno safi kuliko yote, na ndilo linalopendelewa leo. Tatizo lake ni kwamba limefungwa chuoni. Kwa msomaji wa kawaida, mtafiti ni mtu mwenye dodoso na shahada, na anayetazama viumbe kila siku kwa miaka 30 bila shahada hupewa jina lenye nyongeza: msaidizi wa utafiti. Suala hili la nyongeza litarudiwa katika sehemu ya sita, kwa kuwa ndilo kiini cha mjadala.

3.0 Salim bin Abakari na jicho lisilo na cheo

Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha huko Göttingen mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa simulizi zilizomo ni ya Salim bin Abakari, Mngazija aliyemtumikia Mjerumani Theodor Bumiller na kufuatana naye hadi Urusi na Siberia. Wahakiki wameitumia simulizi hiyo zaidi kama ushahidi wa historia ya lugha au ya ukoloni. Ni nadra kusomwa kama maandishi ya mtu anayefanya kazi ya kutazama.

Ikisomwa hivyo, jambo la kwanza linalodhihirika ni mgeuko wa mwelekeo. Wakati ambapo maktaba za Ulaya zilikuwa zikijaa vitabu vya wasafiri walioieleza Afrika, hapa ni Mwafrika anayewaeleza watu wa kaskazini kwa lugha yake: miji yao, mito yao, chakula chao, mavazi yao, ibada zao na baridi yao. Hahitaji kuazima mtindo wa Kizungu ili aifanye kazi hiyo. Kiswahili cha misafara kilikuwa na desturi yake ya kusimulia safari kituo kwa kituo, na desturi hiyo ilitosha kuibeba theluji ambayo lugha haikuwa na haja nayo kabla ya hapo.

Hata hivyo, hadhi ya simulizi hiyo haikulingana na kazi iliyofanyika ndani yake. Salim alikwenda akiwa mtumishi, na maandishi yake yakachapishwa kama matini za kumsaidia mgeni kujifunza Kiswahili na kuwajua Waswahili. Msomaji aliyekusudiwa hakuwa kijana wa Moroni, Bagamoyo au Ujiji ambaye baada ya kuyasoma angesema kwamba naye atakwenda kutazama na kuandika. Kwa hiyo nathari ya Kiswahili iliingia karne ya 20 ikiwa na mtangulizi wa kazi hii, lakini mtangulizi huyo hakurithiwa. Mpaka leo ni vigumu kumkuta katika kitabu cha kiada, ilhali wasafiri wa Kizungu wa zama zake hawakosi humo.

4.0 Wajumbe wa Kusadikika

Nusu karne baadaye, Shaaban Robert aliandika kitabu ambacho mhimili wake ni uchunguzi wa ulimwengu. Katika Kusadikika, Karama anashitakiwa kwa kosa la kueneza elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: wanne katika pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mjumbe alikwenda, akavumilia mashaka ya njia, akarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, akatiwa kifungoni.

Riwaya hiyo imezoeleka kusomwa kama istiari ya utawala usiopenda kukosolewa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini istiari haifuti kazi inayosimuliwa. Wajumbe wa Kusadikika ni watumishi wa umma waliotumwa kutafiti. Shaaban Robert amewapa maadili ambayo mchunguzi yeyote angeyatambua: kwenda mbali na starehe, kutazama bila chuki, kurudi, kutoa taarifa kamili hata kama haitapendwa. Ameonesha pia hatari ambayo mara nyingi huachwa nje ya insha za kazi za kutamanika, yaani kwamba aliyetuma anaweza kuikataa taarifa kwa sababu tu inamtaka abadilike. Mshauri wa sera anayeisoma riwaya hiyo leo atajikuta upande wa baraza, akiwa na taarifa mezani, na hapo ndipo riwaya inapokuwa na makali.

Kasoro yake, kwa mtazamo wa makala hii, ni moja. Wajumbe huleta desturi, hukumu na mawazo; hawaleti viumbe. Milima, anga na ardhi ni uwanja wa kuupima uvumilivu wao, wala si mambo ya kuelezwa kwa ajili yake yenyewe. Mjumbe wa ardhini hatuambii mchwa hujengaje. Lawama hii haipaswi kukuzwa, kwa sababu mwandishi hakukusudia kitabu cha elimu ya viumbe. Inatajwa kwa kuwa riwaya nyingi za Kiswahili zilizofuata zilibaki na mpangilio huohuo: bahari, msitu na wanyama huingia kama ishara ya hali ya mwanadamu, kisha huondoka mara ishara inapoeleweka. Mchunguzi wa maumbile anahitaji nathari inayokaa na kiumbe hata baada ya ishara kwisha.

5.0 Gombe na sarufi ya kutazama

Nathari hiyo ipo. Haijachapishwa kama fasihi, na ndiyo sababu wahakiki hawajaigusa.

Jane Goodall aliwasili Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Julai 1960. Ndoto yake ya kuishi na wanyama wa Afrika, kama alivyoeleza mwenyewe mara nyingi, ilianzia utotoni katika vitabu vya Daktari Dolittle na Tarzan. Huu ni mfano wa wazi wa fasihi kuzaa kazi: hadithi za kubuni, zenye makosa mengi kuhusu Afrika, zilitosha kumfanya mtoto wa Kiingereza ajione msituni. Baada ya muda kituo kiliwaajiri Watanzania, wengi wao kutoka vijiji vya jirani, wawafuate sokwe mtu na kuandika wanachokiona. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, wakateka watu wanne waliokuwa wakifanya utafiti kituoni. Wanafunzi wa kigeni waliondolewa, na uchunguzi wa kila siku ukaendelea mikononi mwa Watanzania. Tangu miaka hiyo wamekuwa wakiandika maelezo yao kwa Kiswahili, nayo hutafsiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya uchambuzi na uchapishaji.

Uzito wa kazi hiyo hauhitaji kukuzwa. Mwezi Januari 1974 Hilali Matama alishuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi, dume wa kundi la Kahama. Tukio hilo lilikuwa mwanzo wa mfululizo wa mashambulizi ulioendelea hadi 1978 na kubadili namna sayansi inavyoufikiria ugomvi miongoni mwa viumbe walio karibu na binadamu. Aliyekuwapo, aliyetazama na kuripoti, alikuwa msemaji wa Kiswahili.

Kwa mhakiki wa lugha, swali ni hili: Kiswahili humpa mtazamaji wa namna hiyo nyenzo gani? Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mfano tu: Sokwe jike alikaa chini ya mti, akachuma jani, akalitafuna, huku mwanawe akimtazama. Kiambishi -li- kinaweka tukio mahali pake katika wakati. Kiambishi -ka- kinafunga vitendo kwa mpangilio, hata msomaji asihitaji kuambiwa kipi kilitangulia. Kiambishi -ki- kinaleta tendo la pili sambamba na la kwanza. Sasa ichukuliwe sentensi nyingine: Sokwe hutafuna jani hili asubuhi. Kiambishi hu- kimeondoa tukio katika siku moja na kulifanya tabia. Kati ya sentensi hizo mbili kuna siku nyingi za kutazama na kuhesabu, na mtazamaji anayeandika hu- kabla ya kuwa na siku hizo amedai asichokijua. Hivyo basi sarufi ya Kiswahili ina ndani yake tofauti ambayo mwalimu wa sayansi hutumia vipindi vingi kuifundisha, yaani tofauti baina ya kilichoonekana mara moja na kinachoweza kusemwa kwa jumla.

Nyenzo ya pili ni upatanisho wa ngeli. Goodall amesimulia kwamba makala yake ya mwanzo ya kisayansi ilirudishwa kwake ikiwa imesahihishwa: viwakilishi vya Kiingereza vinavyotumika kwa watu, alivyowapa sokwe, vilikuwa vimebadilishwa kuwa kile cha vitu. Alivirudisha, na mzozo huo mdogo ukawa alama ya mabadiliko makubwa katika elimu ya tabia za wanyama. Katika Kiswahili mzozo huo usingetokea. Sokwe, mbwa, siafu na mtu wote hupatana katika ngeli ya A-WA: amekaa, anakula, amekufa. Haina maana kwamba Waswahili waliwahurumia wanyama zaidi kuliko watu wengine. Sarufi si maadili. Maana yake ni kwamba mtazamaji wa Kiswahili huanza kazi akiwa tayari amemweka mnyama upande wa watendaji, na hahitaji kuomba ruhusa ya mhariri kufanya hivyo. Faida hiyo hupotea kimya maelezo yanapotafsiriwa, kwa kuwa mtafsiri hulazimika kuchagua kiwakilishi ambacho mwandishi hakukichagua.

Inaweza kupingwa kwamba kumbukumbu za uwandani ni data, na kwamba kuziita nathari ni kuzipamba. Pingamizi hilo lina uzito, maana maandishi ya aina hiyo hufuata utaratibu mkali na hayakusudii kumpendeza msomaji. Lakini fasihi ya Kiswahili imekwisha kuzipokea tenzi za historia, barua na habari za misafara, ambazo nazo ziliandikwa kwa shughuli kabla ya kuhakikiwa. Kinachotakiwa ni kuyasoma maandishi haya kwa vigezo vyake: usahihi, mpangilio, uaminifu wa nafsi inayotazama, na uwezo wa kumfikisha msomaji mahali asipokuwapo.

6.0 Neno msaidizi

Kamoya Kimeu alianza kazi ya kutafuta visukuku pamoja na akina Leakey mwaka 1960. Mwaka 1964 aliokota taya la kale huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya Kijana wa Turkana, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.5, ambaye ni miongoni mwa mabaki kamili kuliko yote ya binadamu wa kale. Kimeu alitunukiwa nishani ya Jumuiya ya Kijiografia ya Marekani mwaka 1985, jina lake likapewa jamii ya nyani wa kale, Kamoyapithecus, na mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, chuo kikuu kimoja cha Marekani kikampa udaktari wa heshima.

Mfano huu unaonesha kwamba kutambuliwa kunawezekana, na vilevile kwamba hutokea kwa nadra na huchukua muda mrefu. Ulinganisho na Gombe unasaidia kueleza kwa nini. Goodall naye alifika msituni bila shahada. Aliyoyaona yaliwafanya watu wenye uwezo wamtafutie nafasi, na Chuo Kikuu cha Cambridge kikampokea mwaka 1962 kwa masomo ya udaktari ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Ngazi iliinamishwa ili mtazamaji hodari aipande. Ni haki kusema kwamba yeye mwenyewe aliwataja wenzake wa Kitanzania kwa majina na kuwasifu. Lakini sifa katika ukurasa wa shukrani haifanyi kazi ya ngazi. Mtazamaji wa Kiswahili mwenye miaka 20 msituni ameendelea kuitwa msaidizi, hata pale anayemsaidia anapokuwa mwanafunzi aliyefika mwezi uliopita.

Hapa ndipo mhakiki wa lugha anapopaswa kuwa mwangalifu. Ni rahisi kudai kwamba suluhisho ni kutumia Kiswahili zaidi katika utafiti. Lakini huko Gombe Kiswahili kilitumika siku zote, na matumizi hayo hayakumpandisha mtu cheo. Kinyume chake, mgawanyo wa lugha ulikwenda sambamba na mgawanyo wa kazi: anayeona huandika kwa Kiswahili, anayefasiri huandika kwa Kiingereza, na jina juu ya makala huwa la anayefasiri. Sera itakayoongeza Kiswahili chini bila kukifikisha juu itaimarisha ukuta uleule. Kijana mwerevu atautambua ukuta huo mapema, naye atachagua kuwa mwanasheria.

7.0 Misitu isiyofuata mipaka

Suala hili lina haraka zaidi katika nchi jirani kuliko linavyoonekana kutoka pwani. Sokwe wa milimani wanaishi katika maeneo mawili tu: safu ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na msitu wa Bwindi nchini Uganda pamoja na Sarambwe ulioungana nao upande wa Kongo. Takwimu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 ziliwahesabu kuwa 1,063. Kundi la sokwe linaweza kulala upande mmoja wa mpaka na kula upande mwingine. Wanaolifuata hawana uhuru huo, na lugha rasmi za nchi zao hazifanani.

Kiswahili kimewekewa msingi wa kisheria pande zote tatu. Ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, kilifanywa lugha rasmi ya pili nchini Uganda kwa marekebisho ya katiba ya 2005, na kilikuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Msingi huo hutajwa sana katika hotuba. Mtihani wake wa kweli ni mdogo na wa kila siku: je, daftari la mfuatiliaji wa sokwe wa upande mmoja laweza kusomwa na mwenzake wa upande wa pili bila kupitia lugha ya tatu? Na je, mtoto wa kijiji kilicho chini ya mlima amewahi kusoma, kwa lugha yoyote anayoijua, ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu wa kwao kuhusu kiumbe ambaye wageni huvuka bahari kumtazama?

Juhudi za kukuza Kiswahili cha sayansi kwa muda mrefu zimeelekezwa kwenye istilahi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na matunda yake, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990), yanastahili heshima. Lakini orodha ya nomino haimfundishi mtu kutazama. Utazamaji, kama mfano wa sehemu ya tano ulivyoonesha, umo katika vitenzi, katika njeo na hali, katika mpangilio wa aya. Mwanafunzi anaweza kuyajua majina ya Kiswahili ya viungo vyote vya ua bila kuwahi kusoma aya moja nzuri inayomweleza nyuki akiliingia.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba taswira ya mchunguzi wa maumbile katika nathari ya Kiswahili imegawanyika. Salim bin Abakari aliandika alichokiona, lakini kama mtumishi na kwa msomaji wa mbali. Shaaban Robert alimpa mchunguzi heshima na hatari ya kazi, lakini akamwelekeza kwa wanadamu. Watazamaji wa Gombe walimkaribia kiumbe kuliko wote na kudumu naye, lakini maandishi yao hayana mahali katika fasihi wala vyeo vyao katika chuo.

Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, taasisi zinazohifadhi kumbukumbu za uwandani zilizoandikwa kwa Kiswahili zishirikiane na vyuo ili sehemu zilizochaguliwa, kwa idhini ya waandishi au familia zao, zichapishwe kwa Kiswahili chake cha awali na kwa majina yao. Pili, vitabu vya kiada viweke simulizi ya Salim na maandishi ya namna hiyo kando ya insha ya kazi ninayoitamani, na mwanafunzi atakiwe kwanza kutazama kiumbe mmoja kwa saa moja na kuandika. Tatu, vyuo vikuu vya kanda vifungue njia ya kuupima uzoefu wa uwandani, ukiwa umeandikwa kwa Kiswahili, kama sifa ya kujiunga na masomo ya juu. Bila pendekezo la tatu, mawili ya kwanza yatakuwa mapambo.

Ndoto ya mtoto wa Kiingereza aliyesoma Tarzan ilikuwa na vitabu nyuma yake na ngazi mbele yake. Mtoto wa Kigoma, Rutshuru au Musanze ana msitu wenyewe, na jirani anayeamka kabla ya jua kuingia humo akiwa na daftari. Kinachobaki ni daftari hilo limfikie mtoto huyo likiwa na jina la jirani juu yake, lisilotanguliwa na neno msaidizi.